Nafasi tatu za PhD ya mwani: shajara ya mratibu

Februari 5

Barua imefika, fedha zimeidhinishwa. Nafasi tatu za uzamivu, miaka mitatu kila moja, zote juu ya mwani. Mkuu wa idara alinipigia simu kabla sijafika ukurasa wa pili. "Tangazo litoke wiki hii, dada. Wasije wakabadili mawazo." Anatania, ila si utani mtupu. Mwaka 2021 Uingereza iliposhusha msaada wake wa maendeleo kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5, miradi ya utafiti iliyokwisha kusainiwa ilikatwa katikati, na wenzetu kadhaa wakaamka asubuhi hawana bajeti ya mwaka. Mfadhili wetu si huyo, lakini mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Rasimu ya tangazo niliyoirithi kutoka mradi uliopita inaanza hivi: "Nafasi za masomo ya uzamivu zenye ufadhili kamili." Nimekaa na hilo neno "kamili" jioni nzima.

Nilichukua karatasi nikaipiga mstari katikati. Upande wa kilichomo: ada ya chuo, posho ya kujikimu kwa miezi 36, bima ya afya, fedha za kazi ya uwandani, na miezi minne kwenye maabara ya chuo mshirika Ulaya. Upande wa kisichomo nilidhani nitaandika vitu viwili vitatu. Nikajaza: ada ya kutahini tasnifu. Gharama ya kuchapa makala kwenye majarida ya wazi, na kanuni zetu zinataka makala kabla ya kutetea. Vibali vya utafiti na vya ukaazi kwa asiye Mtanzania. Mume, mke, watoto. Kompyuta ikifa. Na mwaka wa nne.

Mwaka wa nne ndio kiini cha yote. Mimi nilisoma kwa mtindo wa sandwichi, miezi michache Sweden kila mwaka, iliyobaki nyumbani. Posho ilikuwa ya miaka minne, PhD ikawa ya miaka sita. Miaka miwili ya mwisho niliandika sura za tasnifu baada ya vipindi vya kufundisha, usiku, mtoto kalala miguuni. Sijamlaumu mtu. Lakini tangazo nililoombea mimi nalo lilisema "kamili".

Nimelifuta. Nimeandika: "Ufadhili unajumuisha," nikaorodhesha. Chini yake: "Ufadhili haujumuishi," nikaorodhesha tena. Mkuu wa idara anasema, "Sijawahi kuona duka linaandika kasoro za bidhaa mlangoni." Nimemwambia hili si duka.

Februari 21

Tumerudi kutoka Paje mikono mitupu, na kosa ni langu.

Nilitaka kabla tangazo halijatoka tukawaone wakulima, tusije tukaandika maswali ya utafiti ya ofisini. Paje na jirani yake Jambiani ndiko kilimo cha mwani cha biashara kilikoanzia Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Wengi wa wanaolima ni kinamama. Aina mbili ndizo zinazolimwa: spinosamu, ambao ni mgumu na wa bei ya chini, na kotonii, ambao bei yake ni nzuri lakini hauvumilii joto. Kotonii ulianza kufa kwenye maji ya kina kifupi miaka ya 2000 mwanzoni. Matawi yanageuka meupe, yanalainika, yanakatika. Hapo ndipo swali la mradi lilipo: unaweza kulimwa wapi, kwa kamba gani, na nani atakayeweza kufika huko kwenye maji marefu ikiwa wakulima wengi hawajui kuogelea?

Basi nikaomba masurufu, fedha za safari zinazotolewa kabla na kurejeshwa baadaye kwa risiti, ya tarehe 19 hadi 21. Gari, dereva, posho za watu wanne. Siku ya pili saa nne asubuhi tuko pwani, viatu mkononi, mbele yetu maji yamejaa kama sahani ya mchuzi. Jioni yalipokupwa hayakufika hata kwenye vigingi vya kwanza.

Bibi mmoja alikuwa amekaa kivulini anachambua kamba kuukuu, anazing'oa tai-tai zilizochakaa moja moja na kuzitupa ndani ya ndoo. Tai-tai ni vile vipande vidogo vya kamba wanavyofungia kila shina la mwani kwenye kamba kubwa. Akanitazama muda.

"Dokta, leo mwezi ngapi?"

"Tarehe ishirini, bibi."

"Nimekuuliza mwezi. Sikukuuliza tarehe."

Sikujua. Ulikuwa mwezi ishirini na moja tangu kuandama, maji mafu, yale yasiyokupwa mbali. Mwani hufanyiwa kazi wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokupwa mbali na mashamba yote kubaki wazi. Mtoto yeyote wa Paje angeniambia. Mimi nina PhD ya sayansi ya bahari, na fomu ya masurufu nimeijaza kwa kuangalia kalenda ya ukutani iliyotolewa na benki.

Tutarudi tarehe 28. Fedha hakuna, nitatanguliza zangu.

Machi 1

Jana tumefanya kazi nzuri. Saa tano asubuhi tulikuwa tunatembea mashambani kifundo cha mguu. Maswali matatu ya utafiti yamebadilika mawili. Tangazo limetoka usiku, mwisho wa kupokea maombi Machi 28.

Risiti za safari mbili ziko kwenye bahasha moja. Nitazipanga.

Machi 19

Maombi 34 mpaka leo. Nayasoma usiku baada ya daku, kichwa kikiwa chepesi.

Kumi na moja yameandikwa kwa chuo kingine. Nasema kweli: jina la chuo kingine limo kwenye sentensi ya kwanza, wamesahau kubadilisha. Mmoja ameomba kusomea magonjwa ya mahindi. Kadhaa zina andiko la utafiti ambalo ukilisoma unahisi umelisoma dakika tano zilizopita, na ukirudi nyuma unakuta kweli, ni lile lile kwa jina la mtu mwingine: "tabianchi," "jumuishi," "endelevu," kurasa tatu laini kama karajini, hakuna hata kijiji kimoja kilichotajwa. (Karajini ndicho kitu chenyewe kinachotolewa kwenye mwani, kile kinachoifanya dawa ya meno isimwagike kama maji.)

Halafu limo moja la kurasa mbili tu. Mwombaji ni ofisa wa uvuvi Pemba. Ameandika kwamba kamba za wakulima wa kijijini kwake hukatika zaidi msimu wa kusi, kwamba amehesabu tai-tai zinazookotwa ufukweni baada ya kila bamvua kwa miezi saba, na ameambatanisha picha ya daftari lenyewe. Kiingereza chake kina makosa. Nimelisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti.

Kwa vijana wanaoniandikia kuuliza "profesa anataka kuona nini": anataka kuona kwamba umewahi kusimama mbele ya jambo lenyewe ukalihesabu.

Aprili 16

Usaili, siku mbili. Kati ya waliopita mchujo wa karatasi tumewaita saba.

Mwombaji wa kwanza alitoka Uvira, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, anazungumza nasi kwa mtandao. Amefanya kazi na mwani wa maji baridi na samaki wadogo, hajawahi kulima mwani wa bahari, na alisema hivyo mwenyewe kabla hatujamuuliza. Swali lake kwetu likawa bora kuliko yetu kwake: "Kwenye orodha mmeandika kibali cha ukaazi hakijumuishwi. Je, chuo kitanisaidia kukiomba, ao nitajihangaikia mwenyewe?" Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, lakini mwanafunzi bado anahitaji kibali cha daraja C na mtu wa kumshika mkono kwenye madirisha. Tumekubaliana ofisi yangu itamwombea. Umeme ukakatika kwake katikati ya "aksanti sana".

Wa tatu aliingia na mtoto mgongoni. Alisimama mlangoni kwanza, akasema, "Shikamoni. Naomba radhi, aliyeniahidi kunishikia hakutokea." Mzee mmoja wa jopo, mtu ninayemheshimu sana, akauliza: "Na uwandani je, utaenda naye?" Nilitaka kuingilia. Hakunipa nafasi. "Wakulima mnaotaka niwahoji, mzee wangu, nao huenda na watoto. Wanawalaza kwenye vivuli vya makuti juu ya mstari wa maji. Nitajua kabla yenu kivuli kipi kinavuja." Mzee alicheka, akamwandikia alama. Nilichungulia. Alimpa tisa.

Wa sita alijua kila kitu na hakutaka kujua zaidi.

Aprili 24

Tumechagua: ofisa wa Pemba, mama wa mtoto, na kijana wa Uvira. Mkuu wa idara aliuliza kama wanafunzi wetu wenyewe, wahadhiri wasaidizi, hawatanung'unika. Watanung'unika. Lakini wao wana milango mingine: mradi wa HEET, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa 2021, umesomesha watumishi wengi wa vyuo vya umma. Ofisa uvuvi wa Pemba hana mlango huo.

Mei 7

Barua za waliokosa. Nakumbuka niliyopewa mimi mwaka mmoja: mistari minne, ya tatu ikinitakia mafanikio. Nimeamua walau wale ishirini waliofanya kazi ya kweli nisiwaandikie mistari minne. Nimekaa siku mbili nikimwelekeza kila mmoja kwingine.

Anayesoma wadudu wanaoshambulia mikoko nimempeleka icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, Nairobi. Mpango wao wa uzamivu, ARPPIS, upo tangu 1983, utafiti unaufanyia kwao, usajili wa shahada unabaki kwenye chuo kikuu. Icipe hao hao ndio wanaosimamia mfuko wa RSIF ulioanzishwa na serikali za Kiafrika kwa ajili ya PhD za sayansi na teknolojia. Mhadhiri msaidizi wa kilimo nimemwambia amwone mratibu wa RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika wa mambo ya kilimo, chuoni kwake: kwenye mpango wao wa wasaidizi wa kufundisha, chuo kinachopokea kinasamehe ada, chuo kinachotuma kinabeba nauli na kujikimu, kwa hiyo barua ngumu ni ya mwajiri wako wala si ya mfadhili. Anayesomea afya ya wavuvi, na tayari ni mtumishi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ana CARTA, muungano wa vyuo na taasisi za Afrika unaosomesha PhD za afya ya jamii. Waliomaliza uzamili miaka ya karibuni nimewakumbusha ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, wa kusoma ndani ya kanda yetu, ambao kwa kawaida unataka shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka sita. Mmoja ana miaka mitano na nusu tangu amalize, bado anasema "mwakani". Huyo nimempigia simu kabisa.

Jambo moja limejirudia kwenye karibu kila barua. Vijana wanatafuta nafasi za Sweden, Norway, Denmark na Uholanzi kwenye kurasa za "ufadhili", hawazioni, wanadhani hazipo. Huko mwanafunzi wa PhD kwa kawaida ni mwajiriwa, ana mkataba na mshahara na makato ya kodi, na tangazo lake linakaa kwenye ukurasa wa nafasi za kazi za chuo. Na mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, inayofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, inapokea uraia wowote; sharti lake kubwa ni kwamba usiwe umekaa kwenye nchi unayoiombea zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita. Kwa mtu wa Mkokotoni sharti hilo ni zawadi.

Mmoja amenijibu usiku ule ule: "Dokta, ni mara ya kwanza kukataliwa nikafaidika."

Juni 18

Ofisa wetu wa Pemba kakwama. Mwajiri yuko tayari kumpa ruhusa ya masomo, na mtumishi wa umma akiwa masomoni kwa ruhusa anaendelea kupata mshahara wake. Mkataba wa mfadhili unasema mwanafunzi asipokee malipo mengine. Mhasibu kaniita: "Dokta, huyu analipwa mara mbili?"

Posho yetu peke yake ni ndogo kuliko mshahara wake, na ana wazazi anaowalea. Akiacha mshahara, anaumia. Akiacha kazi kabisa, baada ya miaka mitatu ni daktari wa falsafa asiye na ajira. Nimemwandikia mfadhili kuomba asome kwa mshahara wake, na fungu la posho yake lihamie mwaka wa nne, kwa wote watatu. Nimeandika barua mara tano, ya mwisho ina aya mbili.

Agosti 11 na 12

Siku mbaya. Fedha za posho za awamu ya kwanza hazijaingia. Mama wa mtoto amekwisha kuhamia mjini, kalipa kodi ya miezi mitatu kwa fedha za kukopa. Wa Uvira yupo, amefika kwa basi na boti, analala kwa mwanafunzi mwenzake. Nimewapigia watu wa mfadhili kwa hasira. Sauti ya upole ikanijibu kwamba wao hawana tatizo, wanasubiri taarifa ya matumizi ya robo ya kwanza kutoka kwetu.

Nikamwendea mhasibu. Hakusema kitu, alifungua faili akanigeuzia. Masurufu ya Februari hayajarejeshwa. Safari ya tarehe 19 ina risiti za mafuta za tarehe 28, tarehe 28 haina fomu kabisa, na mpaka yafungwe taarifa ya robo haiwezi kusainiwa. Bahasha bado ilikuwa kwenye droo yangu.

Kwa hiyo, miezi sita baadaye, maji mafu yale yamefika kwenye kodi ya nyumba ya mwanafunzi.

Nimekaa na mhasibu mpaka saa mbili usiku. Ameniletea chai. Safari ya pili nimeifuta kwenye madai, nimeibeba mwenyewe. Kesho yake asubuhi nimewaita wanafunzi wote wawili nikawaambia kilichotokea na ni nani aliyekisababisha. Wa Uvira alisema, "Haina neno, mama." Yule mwingine alinyamaza, na alikuwa na haki.

Septemba 9

Fedha zimeingia. Malimbikizo yamelipwa.

Mfadhili amekubali nusu ya ombi: ofisa wa Pemba asome kwa mshahara wake. Kuhusu kuhamisha posho kwenda mwaka wa nne, "litajadiliwa katika tathmini ya kati".

Oktoba 8

Jambiani, mwezi mpevu, bamvua kubwa. Nimekuja bila fomu ya masurufu, kwa daladala.

Wote watatu walikuwa wameshaingia. Wa Pemba alikuwa mbele, ng'ambo ya mashamba ya spinosamu, anafunga kipimajoto kidogo cha kujirekodi kwenye kigingi; kitaandika joto la maji kila nusu saa mpaka kaskazi iishe. Wa Uvira alikuwa amechuchumaa kati ya kinamama wawili wanamfundisha fundo la tai-tai. Akilikaza sana shina linakatika, akililegeza linachomoka na wimbi. Walimfungulia mara nne. Mara ya tano mmoja alilivuta, likashika, akamwambia, "Haya, sasa yabaki mashina mia tatu."

Mtoto alikuwa kivulini, kwenye kanga, na bibi yule wa Paje. Sijui alifikaje Jambiani, nadhani ana ndugu huko. Nikamwamkia. "Marahaba. Leo umekuja siku yake." Kisha akanionyesha kwa kidevu karatasi iliyofungwa kwenye plastiki na kupigwa misumari juu ya nguzo ya kivuli. Ni ratiba ya kazi ya miezi sita, mwandiko wa mama wa mtoto. Safu ya kwanza tarehe, safu ya pili mwezi, siku za bamvua zimepakwa wino wa buluu.

Nimeipiga picha. Naituma kwa mhasibu, masurufu ya robo ijayo yaombwe kwa safu ya pili. Barua ya mwaka wa nne naiandika upya Jumatatu.